Tuwafunze vijana kueleza, si kubofya tu

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Hawakutuachia, hata hivyo, methali ya kumwelekeza yule anayeulizwa, hasa ikiwa anayemuuliza yuko ng'ambo ya bahari, hamwoni wala hamjui, na amekwisha kupandwa na hasira kabla simu haijapokelewa. Hilo ndilo jambo ninalotaka tulitafakari leo, walimu wenzangu na wanafunzi wetu, kwa maana vijana wanaotafuta riziki kwa kujibu maswali ya aina hiyo, wakiwa wameketi katika vyumba vyao wenyewe, si haba.

Kazi ninayoizungumzia ni ile ya kuwasaidia wateja waliokwama na mitambo yao. Mmoja amesahau neno lake la siri. Wa pili printa yake imegoma. Wa tatu intaneti imekatika nyumbani, naye ana mkutano baada ya nusu saa. Wote hupiga simu au huandika ujumbe, na anayewapokea kwanza ni mhudumu wa ngazi ya kwanza. Yeye huhakikisha kwamba anayezungumza naye ndiye mwenye akaunti, huyasikiliza malalamiko, hujaribu kuyatatua kwa njia zinazojulikana, na yakimshinda huyaandika na kuyapeleka kwa mafundi wa ngazi ya pili wenye ujuzi mkubwa zaidi. Hapo awali mhudumu huyo aliketi ukumbini pamoja na wenzake wengi, kila mmoja na vipokea sauti vyake masikioni. Siku hizi wengi huifanyia kazi hiyo nyumbani.

Mlango huu haukujifungua wenyewe. Hadi 2009, Kenya ilitegemea setilaiti kuwasiliana na ulimwengu kwa intaneti, na gharama yake haikuwa ya mtu wa kawaida. Juni mwaka huo waya wa TEAMS uliwasili Mombasa kupitia chini ya bahari, na mwezi uliofuata ule wa SEACOM ukaanza kazi. Mnamo 2016 Serikali ilianzisha mpango wa Ajira Digital ili kuwaelekeza vijana kwenye kazi za mtandaoni. Kisha ukaja ugonjwa wa Korona mwaka wa 2020, ukawafunza hata waajiri wagumu kwamba mfanyakazi anaweza kutimiza wajibu wake bila ya kuonekana ofisini.

Ni katika hali hiyo ambapo binti mmoja niliyemfunza Kiswahili katika shule ya upili alipata kazi ya kuwahudumia wateja wa Marekani. Mwajiri wake sitamtaja. Alikuwa amepanga chumba kimoja viungani mwa mji wa Nakuru, akanunua meza, kiti na kipakatalishi cha mkopo. Kwa kuwa New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa nane wakati wa baridi yao, na saa saba wakati wa kiangazi chao, zamu yake ilianza saa kumi na moja jioni na kumalizika saa saba usiku. Alikuwa na cheti cha kompyuta chenye alama nzuri, nami nilikuwa nimejivunia kwamba aliondoka kwangu na alama ya A. Baada ya wiki tano alinitembelea nyumbani akiwa ameachishwa.

"Mwalimu," aliniambia, "sikushindwa na kompyuta. Nilishindwa na watu."

Akanisimulia kisa kimoja. Mzee mmoja alipiga simu akalalamika kwamba intaneti imekufa. Binti akamwambia aizime ruta kisha aiwashe. Mzee akauliza ruta ni kitu gani. Binti akarudia maneno yale yale, polepole zaidi na kwa sauti ya juu zaidi, kana kwamba mzee ni kiziwi. Mzee akasema kuwa hakupiga simu ili afokewe, akakata. Alipopiga tena alipokewa na kijana mwingine wa zamu hiyo hiyo, ambaye hakuwa na cheti chochote cha kompyuta. Mazungumzo hayo yalirekodiwa, na msimamizi akamsikilizisha binti ili ajifunze. Kijana alianza kwa kumpa mzee pole. Kisha akamuuliza: "Mzee, hapo ulipo kuna kisanduku kidogo chenye taa?" Mzee akakiona karibu na dirisha. "Taa ni ngapi? Zinawaka rangi gani?" Mzee akahesabu, akasema hakuna hata moja inayowaka. "Basi tuufuate pamoja waya unaotoka nyuma ya kisanduku, tuone unakoishia." Waya uliishia sakafuni. Mtu alikuwa amefagia chumba asubuhi, akauchomoa ukutani, asiurudishe. Dakika nne hazikwisha, mzee akawa anacheka.

Niliposikia hayo niliinamisha kichwa, kwa sababu nilijua kosa lilikuwa la nani. Katika miaka minne niliyomfunza binti huyo, nilimfundisha ngeli zote, akaandika insha za kusifiwa, akachambua riwaya na tamthilia. Lakini sikuwahi, hata siku moja, kumwambia: mweleze jambo mtu asiyekuona, asiyelijua, na asiye na subira, mpaka aelewe. Mtihani haukulidai, nami sikulifunza.

Hili ndilo dai langu leo. Kazi ya kusaidia wateja katika ngazi ya kwanza huitwa kazi ya kiufundi, lakini kiini chake ni lugha. Sehemu ya mitambo, kwa anayeanza, hufundishwa na mwajiri kwa wiki chache tu, kwa kuwa matatizo mengi ya ngazi hiyo hujirudia. Kusikiliza, kuuliza, kueleza, kutuliza na kuandika ni mambo ambayo hayafunziki kwa wiki chache. Hayo hujengwa kwa miaka, na mahali pa kuyajenga ni darasani.

Tuyatazame kwa karibu. Mteja hasemi tatizo lake. Husema machungu yake. Atasema, "Kompyuta yenu ni mbovu," ilhali ugonjwa uko kwenye chaja. Mhudumu asiyejua kusikiliza huanza kuitetea kompyuta. Anayejua kusikiliza hungoja maneno yaishe, kisha hurudia kwa ufupi aliyoyasikia ili mteja athibitishe kwamba ameeleweka. Hatua hiyo ndogo huzima nusu ya hasira. Baada yake huja maswali, nayo ni sharti yaulizwe moja moja, kutoka jepesi hadi gumu. Ukimuuliza mtu aliyechanganyikiwa maswali matatu kwa pumzi moja, atalijibu la mwisho na kuyasahau ya kwanza.

Kueleza ndiko kugumu kuliko yote. Niliwahi kufanya jaribio na wanafunzi wangu wa Kidato cha Pili. Niliwaketisha wawili wawili, migongo ikielekeana. Mmoja nikampa mchoro wa nyumba, mwingine karatasi tupu na kalamu. Mwenye mchoro alipaswa kumwelekeza mwenzake auchore bila ya kugeuka. Darasa likalipuka kwa vicheko. "Chora mstari hivi." "Hivi vipi?" "Sasa weka mlango hapo." "Hapo wapi?" Mmoja aliishia na mlango juu ya paa. Vicheko vilipotulia nikawauliza ni maneno gani yaliyowaangusha, nao wakayataja wenyewe: hivi, hapa, hapo, ile, kile.

Walimu wa Kiswahili wenzangu, hayo ni nini kama si viashiria? Tunavifundisha kila mwaka. Mwanafunzi hujaza pengo kwa "hiki", "hicho" na "kile" bila ya kukosea, akapata alama zake zote. Lakini hatumwambii kwamba kiashiria huhitaji jicho au kidole. Macho yakiondolewa, maneno hayo hubaki matupu, na badala yake huhitajika jina la kitu, rangi yake, umbo lake, upande kiliko na kilicho jirani yake. Nilipoyarudia mazoezi hayo baada ya wiki mbili, wanafunzi wale wale walikuwa wakisema: "Anzia kona ya chini ya mkono wako wa kushoto, chora mstari ulionyooka kwenda juu, urefu wa kidole chako cha shahada." Hakuna aliyewapa kompyuta. Shule haikutumia hata shilingi moja.

Lipo pia suala la kuandika. Mhudumu akishindwa, ni lazima amwachie fundi wa ngazi ya pili maelezo. Wengi huandika: "Intaneti haifanyi kazi. Nimejaribu kila kitu." Fundi akisoma hayo huanza upya, na mteja hulazimika kusimulia masaibu yake mara ya pili. Linganisha na haya: "Intaneti ilikatika saa mbili asubuhi baada ya umeme kupotea na kurudi. Taa ya kwanza inawaka kijani, ya tatu nyekundu. Tumekizima kisanduku kwa sekunde 30 na kukiwasha, hali haikubadilika. Waya umekaguliwa ncha zote mbili." Hapo fundi anajua pa kuanzia. Na je, huo si ufupisho, ule ule tunaoutahini kila mwaka? Tofauti ni kwamba darasani tunafupisha makala ili tupate alama, ilhali huko mtu hufupisha ili mwenzake asipoteze saa nzima.

Pengine msomaji atauliza ni kwa nini shule haziyafanyi haya. Jibu halijafichika. Kiswahili katika mtihani wa KCSE kina karatasi tatu: Insha, Lugha na Fasihi. Zote tatu huandikwa. Hakuna anayemsikiliza mtahiniwa akizungumza, wala anayempima akisikiliza. Katika karatasi ya pili, isimujamii imetengewa alama 10, na humo mwanafunzi huorodhesha sifa za sajili ya hospitalini, ya mahakamani au ya sokoni. Huziorodhesha kama anayehesabu mifupa ya samaki ambaye hajawahi kumla. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, unautaja umilisi wa mawasiliano na ushirikiano miongoni mwa umilisi wake saba wa msingi, pamoja na ule wa kidijitali. Hilo ni jambo jema. Hata hivyo, ninahofia kwamba shule nyingi zitauona umilisi wa kidijitali ndani ya vifaa tu, zinunue kompyuta, zizifungie chumbani, na kuusahau ule wa mawasiliano usiohitaji ufunguo.

Nimezungumzia wateja wa Marekani, lakini nisieleweke kana kwamba mambo haya ni ya Kiingereza na ya wageni. Hapa nyumbani M-Pesa imekuwapo tangu 2007, na huduma nyingi za Serikali huombwa siku hizi kupitia mtandao wa eCitizen. Mama mkulima wa Kwale au Kitui akikwama, naye hupiga simu kuomba msaada. Ni lugha gani atakayojibiwa? Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, lakini aghalabu mama huyo huambiwa "aklik linki" kisha "ariseti paswadi". Hayo si maelezo, ni mafumbo.

Lakini ninawaonya pia wapenzi wa Kiswahili, mimi nikiwa mmoja wao. Mhudumu akimwambia mama huyo "weka upya nywila yako", hajamsaidia zaidi ya yule wa kwanza. "Kipanga njia" ni neno lililoundwa kwa uangalifu, lakini yule kijana wa zamu ya usiku angeshindwa nalo kama binti alivyoshindwa na "ruta". Kilichomwokoa ni "kisanduku kidogo chenye taa". Istilahi tuzifundishe, kwa maana bila ya istilahi lugha hudumaa. Ila tumfunze mwanafunzi kwamba neno sahihi ni lile linalomfikisha msikilizaji, na kwamba mwenye lugha ni yule awezaye kulisema jambo moja kwa njia tatu.

Wapo wanaoidharau kazi hii. Wazazi wengine husema kwamba hawakulipa karo ili mtoto akeshe akitukanwa na wageni. Ninaielewa huzuni yao. Ni kweli kwamba kazi hii huchosha, kwamba mhudumu hupimwa kwa dakika anazotumia katika kila simu, na kwamba upweke wa chumbani usiku wa manane si jambo la kuchezea. Lakini kumtoa mtu katika dhiki kwa maneno matupu ni utumishi wenye heshima, na wengi waliofika katika kazi za ufundi wa mitandao na usalama wa kompyuta walianzia ngazi hiyo hiyo. Ngazi hupandwa kuanzia chini.

Wengine husema kazi hii itamezwa na akili unde. Ni kweli kwamba maswali mepesi, kama kubadilisha neno la siri, yanajibiwa zaidi na zaidi na mashine. Lakini tutazame ni maswali gani yanayobaki. Yanayobaki ni ya mtu ambaye mashine imemshinda, ambaye hajui jina la kitu kilichoharibika, na ambaye hasira yake imeongezeka kwa kuzungushwa na mashine hiyo. Mtu huyo atahitaji mwanadamu anayejua kusikiliza kuliko alivyomhitaji jana. Mashine, basi, imeupandisha ukuta ambao mwanafunzi wetu atapaswa kuuruka, na hiyo ni sababu ya kumfunza vizuri zaidi.

Tena lugha hiyo inayomhudumia mteja ni sharti imhudumie mhudumu mwenyewe. Nilimuuliza binti yule kama mkataba wake ulieleza muda wa majaribio na jinsi ya kuachishwa. Alikiri kwamba aliutia sahihi bila ya kuusoma wote. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kwamba muda wa majaribio usizidi miezi sita, isipokuwa uongezwe kwa idhini ya mfanyakazi, na kwamba mkataba wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi. Lakini vijana wengi wa kazi za mtandaoni huandikishwa kama makandarasi huru, na neno hilo dogo huweza kuwatoa nje ya kivuli cha sheria hiyo. Umeme na intaneti vilevile huwa juu yao. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya nchi ilipoingia gizani, na Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika na intaneti kudorora Afrika Mashariki, aliyefanyia kazi nyumbani alijikuta peke yake na swali hili: je, saa hizo nitalipwa? Jibu lilikuwa katika mkataba, ama halikuwamo kabisa. Mkataba ni ufahamu, ndugu zangu. Tuulete darasani, tuwaulize wanafunzi: katika aya ya tatu, ni nani anayebeba hasara? Hapo pia watajifunza kumtambua tapeli anayedai ada kabla ya kutoa kazi, kwa maana mwajiri wa kweli hamtozi mtu ili amwajiri.

Kwa wanafunzi wanaoisoma safu hii nina ombi moja. Usingoje kompyuta. Leo jioni mwelekeze nyanya yako namna ya kupunguza sauti ya simu yake, lakini usiiguse simu hiyo. Weka mikono yako nyuma. Ukishindwa, usiseme kwamba nyanya haelewi. Sema kwamba wewe bado hujaeleza. Siku utakayofaulu bila ya kuinyakua simu wala kupandisha sauti, utakuwa umepata cheti ambacho hakuna chuo kinachokiuza.

Kwa walimu, ombi langu ni dakika 20 kwa wiki: migongo miwili, karatasi moja, na sikio lenye subira. Kwa wanaotunga mitihani, ninaomba mzungumzaji na msikilizaji nao watahiniwe, maana tusilolitahini hatulifunzi, na tusilolifunza tunawaachia waajiri walitumie kuwafukuzia watoto wetu.

Binti yule amepata kazi nyingine ya aina ile ile. Kabla ya kuianza alikuja kwangu Jumamosi tatu mfululizo, tukaketi migongo ikielekeana, yeye akieleza na mimi nikichora. Siku ya kwanza nyumba yangu haikuwa na paa. Siku ya tatu ilikuwa na paa, mlango, madirisha mawili, na mti wa mwembe upande wa kulia.